Valletta, Malta: mwongozo kamili wa siku mbili, kwa miguu na kwa boti

Watu wengi wakifika Valletta hushuka basi nje ya lango, huingia barabara kuu, huteremka nayo mpaka inapoishia, hupiga picha mbili tatu, hunywa kahawa, kisha hao, wanarudi kwenye basi. Wakifika makwao husimulia kwamba ni mji mzuri ila mdogo. Mdogo ni kweli: kutoka langoni mpaka kwenye ncha ni kilomita moja hivi, na kuukata kwa upana ni mwendo wa dakika kumi. Tatizo ni kwamba wameuona kisogo. Mji huu ulijengwa utazamwe kutoka baharini, na mtazamaji aliyekusudiwa alikuwa adui. Usipopanda boti ukavuka ng'ambo, utakuwa umefika Valletta bila kuonana nayo uso kwa uso.

Nimekulia Mombasa, ambako Fort Jesus tuliizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa jirani. Ngome yetu ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Valletta iliwekewa jiwe la msingi tarehe 28 Machi 1566, na mchoraji wake alikuwa Mtaliano mwingine, Francesco Laparelli. Fani ni ile ile ya enzi ya mizinga: kuta nene zilizoinama kidogo kwa ndani, na pembe zinazochomoza ili mlinzi aweze kumwona anayejibanza chini ya ukuta. Ila Mombasa ngome ilijengwa kando ya mji, na huku mji wenyewe ndio ngome.

Hatua ya 1: Makaratasi, msimu na mahali pa kulala

Malta ni nchi ya Schengen na inatumia euro. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na halitakiwi kuchelewa chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uholanzi au Sweden na wana kibali cha ukaazi hawahitaji viza nyingine. Walioko Uingereza wasijidanganye: kibali cha ukaazi cha Uingereza hakikuingizi Malta.

Kwa mtu wa Kenya, Tanzania au Uganda kuna mambo matatu yatakayomfanya ajione kama hajatoka nyumbani. Magari yanapita kushoto. Soketi za umeme ni zile zile za pini tatu za mraba, basi usinunue adapta. Na Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Yote matatu ni mabaki ya Waingereza, waliokishika kisiwa kuanzia 1800 mpaka uhuru wa tarehe 21 Septemba 1964.

Msimu mzuri ni Aprili mpaka mwanzo wa Juni, au mwisho wa Septemba mpaka Novemba. Julai na Agosti usiende kama unaweza kuepuka. Utasema wewe ni mtu wa pwani na jua umelizoea, lakini jua la kwetu lina mwembe na mnazi. Hapa ni jiwe la chokaa juu, chini na pembeni, rangi ya asali, na linarudisha mwanga usoni kama bati. Majira ya baridi vyumba hushuka bei na foleni hupungua, ila mvua na upepo vipo, na upepo ukichafuka boti husimama.

Pa kulala una chaguo tatu. Valletta yenyewe inapendeza zaidi usiku, wageni wa siku wakishaondoka. Sliema, ng'ambo ya bandari ya Marsamxett, ina hoteli nyingi na feri ya dakika chache. Birgu, ng'ambo ya Bandari Kuu, ni kimya na ndiyo ninayoipenda. Ukichagua Valletta, muulize mwenye nyumba swali moja: ngazi ngapi? Mimi niliandikiwa kwamba chumba kiko dakika tano kutoka stendi ya mabasi. Dakika tano zilikuwa kweli, kwa mtu asiye na mzigo. Kilichoachwa kuandikwa ni kwamba mtaa wenyewe ni ngazi tupu, na shangazi yangu, tuliyesafiri naye, alikuwa na sanduku la kilo 23.

Hatua ya 2: Kufika

Uwanja wa ndege uko Luqa, kusini mwa mji, umbali wa kilomita chache tu. Basi linakufikisha mpaka nje ya lango la Valletta. Nauli ya mgeni ni kati ya euro 2 na 3, na tiketi inatumika kwa saa mbili hata ukibadilisha basi, kwa hiyo usiitupe. Teksi za kuitwa kwa simu zipo na si ghali sana kwa watu watatu au wanne.

Njia bora, kama unatokea Italia, ni feri ya kasi kutoka Pozzallo, Sicily. Inachukua chini ya saa mbili na inaingia moja kwa moja Bandari Kuu, yaani unauona mji kama ulivyokusudiwa uonekane, ukuta ukipanda kutoka majini na makuba ya makanisa juu yake. Aliyeingia hivi anaweza kuanza na hatua zozote nilizoandika hapa chini. Aliyekuja kwa ndege afuate mpangilio.

Hatua ya 3: Fungua masikio

Hapa Mswahili ana mtaji ambao Mjerumani na Mjapani hawana. Kimalta ni lugha ya asili ya Kiarabu iliyojaa maneno ya Kitaliano na kuandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo utakisoma ukutani kama mtu anayekutana na binamu aliyelelewa nchi nyingine. Bahari ni *baħar*. Dunia ni *dinja*. Kitabu ni *ktieb*, roho ni *ruħ*. Nusu saa ni *nofs siegħa*. Alhamisi ni *il-Ħamis*, na Ijumaa ni *il-Ġimgħa*. Mji mkongwe wa bara, uliokuwa makao makuu kabla ya wenye ngome, yaani watawa askari wa Chama cha Mtakatifu Yohane, kufika, unaitwa Mdina, na aliyepata kusikia Madina hahitaji kufafanuliwa. Cha ajabu zaidi ni kwamba nchi ni ya Kikatoliki hasa, Mungu anaitwa *Alla*, na mfungo wa Kwaresima unaitwa *Randan*.

Sheria chache za matamshi zitakuokoa kwenye basi. Herufi *x* ni "sh", hivyo Marsamxett ni Marsamshet. *J* ni "y", *ġ* ni "j", *ħ* ni ile "h" ya koo, na *għ* mara nyingi haisikiki kabisa. Boti za kuvukia zinazoitwa *dgħajsa* utazitaja "daisa".

Hatua ya 4: Asubuhi ya kwanza, kutoka langoni mpaka kanisani

Anza mapema, saa 2 na nusu asubuhi uwe langoni. Nje kuna chemchemi yenye sanamu tatu za wanaume wa majini waliobeba sahani kubwa. Vuka daraja la handaki kavu na uchungulie chini. Handaki hilo lilichimbwa ndani ya mwamba, na ukiona kina chake utaelewa kwa nini hakuna aliyeuvamia mji huu kwa upande wa nchi kavu akafaulu.

Ukiingia, kulia kwako ni jengo la Bunge lililochorwa na Renzo Piano na kukamilika 2015, mawe yake yamechongwa matundu matundu kama sega la nyuki. Wamalta wenyewe wamegombana sana juu yake. Mimi naliona limeheshimu jirani zake. Linalofuata ni nguzo zilizosimama bila paa: hilo lilikuwa jumba la opera, likapigwa bomu tarehe 7 Aprili 1942, na leo ni ukumbi wa wazi.

Barabara hii ni Triq ir-Repubblika. *Triq* ni njia, na waliosoma chuo cha Kurani watalikumbuka neno tariki. Inapita juu ya mgongo wa kilima, na mitaa mingi inaikata kwa pembe mraba na kuporomoka pande mbili baharini. Mji wetu wa kale una vichochoro vilivyopinda ili vitunze kivuli. Hapa mitaa ilinyooshwa ili upepo wa bahari upite kutoka bandari moja hadi nyingine. Simama kwenye njia panda yoyote utausikia shingoni. Inua macho pia: zile roshani za mbao zilizofungwa pande zote, zilizopakwa kijani, nyekundu au buluu, zinaitwa *gallarija*. Mtu akiwa ndani anaona mtaa wote na yeye haonekani, na anayetoka Mombasa, Lamu au Unguja anajua kazi yake bila kuambiwa.

Saa 3 kamili kanisa kuu la Mtakatifu Yohane hufunguliwa kwa watalii. Fika mlangoni dakika kumi kabla, kwa sababu makundi ya watalii wa meli huanza kumiminika saa 4. Tiketi ni karibu euro 15 na inakuja na kifaa cha maelezo cha kusikiliza. Jumapili ni siku ya ibada na mtalii hapokelewi. Mabega na magoti yafunikwe. Na viatu: visigino vyembamba haviruhusiwi, kwa sababu sakafu nzima ni makaburi. Shangazi alivaa vyake vya harusini, akasimamishwa. Alibishana kidogo kwa Kiswahili, kama vile mlinzi angeelewa, kisha akatoa ndala kwenye mkoba. Kumbe alikuwa nazo muda wote.

Kwa nje kanisa hili ni kavu kama ghala. Girolamo Cassar, Mmalta aliyelijenga kati ya 1572 na 1577, alilijengea askari. Wenye kanisa walikuwa Chama cha Mtakatifu Yohane, watawa waliokula kiapo cha dini na bado wakabeba upanga. Walifukuzwa Rhodes na Waturuki, wakapewa Malta mwaka 1530, na kodi waliyotakiwa kulipa ilikuwa mwewe mmoja wa kuwindia kila mwaka. Karne iliyofuata waliona ukavu hauwatoshi, na Mattia Preti akalipaka dari lote rangi. Ukiingia sasa, dhahabu inakupiga machoni.

Usianze na dari, anza na sakafu. Kuna mawe ya kaburi karibu 400, kila moja ni picha ya marumaru za rangi: mafuvu, mifupa, mizinga, nembo za ukoo. Kisha nenda kwenye kanisa dogo la Aragon, upande wa kulia, utafute kaburi la Nicolas Cotoner, Mkuu wa Chama aliyetawala 1663 mpaka 1680. Mnara wake mzima, pamoja na silaha zilizotekwa na malaika, umebebwa na watumwa wawili waliopiga magoti. Mmoja ni mtu wa Asia. Mwingine ni Mwafrika. Uso wake haukuchongwa kwa haraka: misuli ya shingo imekaza, na macho yake yametazama juu, kwenye mzigo. Watalii wengi hupita wakitafuta Caravaggio. Mimi nilikaa pale kitambo. Chama hiki kiliishi kwa kuteka meli, na Valletta ilikuwa soko la watumwa Waislamu, wakiwemo Waturuki, Waarabu na Waafrika. Mwaka 1749 watumwa hao walipanga njama ya kuuteka mji, siri ikafichuka, wakauawa kwa ukatili. Utumwa ulipigwa marufuku 1798, Napoleon alipowafukuza hao wenye Chama. Maelezo ya kwenye kifaa hayalikawii sana jambo hili.

Caravaggio sasa. Mchoro uko kwenye ukumbi wa pembeni, unaonyesha kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, ulichorwa 1608, na upana wake unazidi mita 5. Hakuna mchoro mwingine wake aliotia saini. Jina ameliandika ndani ya damu inayotiririka shingoni mwa Yohane. Usisimame karibu. Rudi nyuma mpaka katikati ya ukumbi, ndipo utakapoona alichofanya: watu wote amewasukumia kushoto, na nusu ya kulia ameiacha ukuta mtupu na dirisha, na wafungwa wawili wanachungulia. Msanii mwenyewe alikuwa amekimbia kesi ya kuua mtu Roma. Chama kilimpokea mwaka huo huo wa 1608, kikamfunga baada ya ugomvi, akatoroka gerezani, kikamfukuza uanachama. Mkutano wa kumfukuza ulifanyika humu humu, mbele ya mchoro wake.

Hatua ya 5: Mzinga wa saa 6

Toka kanisani si zaidi ya saa 5 na nusu, panda kuelekea bustani ya Barrakka ya Juu. Saa 6 kamili mchana, watu waliovaa sare za kijeshi za kizamani za Kiingereza hufyatua mzinga, na saa 10 jioni hurudia. Unaweza kulipa ukashuka walipo, lakini kutoka juu, kwenye matao, ni bure na unaona vizuri zaidi. Wahi ukingoni, maana robo saa kabla hapabaki nafasi. Adhuhuri kwa Kimalta ni *nofsinhar*, yaani nusu ya mchana, na kwa mara moja saa ya Kiswahili na mzinga wa Mzungu zinakubaliana kwamba mchana umegawanyika kati pasu.

Moshi ukishatanda, usiondoke na wenzako. Tazama bandari. Mbele yako ni miji mitatu: Birgu yenye ngome ya Sant'Angelo kwenye ncha, Isla kulia kwake, na Bormla nyuma yao. Mwaka 1565, Waturuki walipouzingira kisiwa kuanzia Mei mpaka Septemba, hapo unaposimama palikuwa mwamba mtupu, nao walipandisha mizinga yao juu yake wakaipiga Birgu. Mkuu wa Chama, Jean de Valette, alinusurika na akaamua mwamba huu hautaachwa wazi tena. Ndio mwanzo wa mji, na jina lake.

Hatua ya 6: Kula

Kwa fedha kidogo utakula *pastizzi*, keki ya unga wa matabaka yenye jibini laini au njegere ndani. Zina joto la kuchoma ulimi na zinashibisha. Msomaji Mwislamu aulize kwanza, kwa sababu wapo wanaokanda unga kwa mafuta ya nguruwe. Mkate wa *ftira* wenye jodari, nyanya, zeituni na kapari hauna shaka hiyo, na mmoja unawatosha watu wawili wasio na tamaa.

Chakula cha taifa ni sungura, hasa aliyepikwa kwa mvinyo na kitunguu saumu. Sikumgusa. Mimi nilimfuata samaki. Kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Desemba masoko hujaa *lampuki*, na nilipoletewa mzima mezani nilicheka, kwa sababu alikuwa fulusi wetu, mwenye paji la uso lililosimama wima. Neno *flus* kwa Kimalta lipo vilevile, lakini maana yake ni pesa, kama ile fulusi nyingine ya wazee wetu. Basi ukitaka samaki sema lampuki, la sivyo watadhani unakopa. Namna ya kumvua inastahili kuelezwa. Wavuvi hufunga majani ya mtende juu ya maboya na kuyaacha yaelee mbali baharini. Samaki huyu hupenda kivuli, hukusanyika chini ya yale makuti, na wavuvi hurudi kumzungushia wavu.

Kitu kitamu cha mwisho kinauzwa karibu na lango. Kinaitwa *imqaret*, ni kipande cha unga kilichojazwa tende na kutiwa manukato ya anisi, kikakaangwa mbele yako. Nitakitaja tena.

Hatua ya 7: Alasiri ya kwanza

Miguu ikiruhusu, teremka Triq ir-Repubblika mpaka mwisho, kwenye ngome ya St Elmo. Ilianguka tarehe 23 Juni 1565 baada ya karibu mwezi mzima wa mapigano, na ule mwezi ndio ulioiokoa Birgu. Ndani kuna makumbusho ya vita. Msalaba wa George (nishani ya ushujaa), uliotolewa na Mfalme George wa Sita kwa kisiwa kizima Aprili 1942 na ambao umo kwenye bendera ya Malta, uko humo. Mwaka ule kisiwa kilikuwa karibu kusalimu amri kwa njaa. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, meli ya mafuta Ohio, mojawapo ya meli za msafara wa kukiokoa kisiwa, iliingia Bandari Kuu ikiwa imevunjika, imefungwa katikati ya manowari ili isizame. Wazee wa Malta mpaka leo huita msafara ule kwa jina la sikukuu yenyewe, *Santa Marija*.

Wapenzi wa vitu vya kale wachague makumbusho ya akiolojia badala ya ngome, kwenye Triq ir-Repubblika hiyo hiyo. Nenda moja kwa moja kwa sanamu ya mwanamke aliyelala. Ni dogo la kutosha kiganjani, la udongo, la maelfu ya miaka, na usingizi wake ni mzito kiasi kwamba utajikuta unanong'ona.

Msomaji wa Biblia asikose kanisa la Mtakatifu Paulo. Kisiwa hiki ndicho Melita cha Matendo ya Mitume sura ya 28, meli ilipovunjika na nyoka akamwuma Mtume Paulo mkononi alipokuwa akiweka kuni motoni. Kanisani wametunza mfupa unaoaminika kuwa wa kifundo cha mkono wake. Tarehe 10 Februari ndiyo sikukuu, na mji mzima hutoka barabarani.

Swala ya jamaa inahitaji safari: msikiti wa Mariam Al-Batool uko Paola, na basi linafika.

Hatua ya 8: Siku ya pili, vuka ng'ambo

Hii ndiyo siku yenyewe. Rudi Barrakka ya Juu asubuhi, panda lifti ya mita 58 inayokushusha mpaka usawa wa bahari kwa chini ya nusu dakika. Kulipa ni unapopanda, kwa hiyo ukiwa unashuka usijipange kwenye foleni ya tiketi kama nilivyofanya. Chini, vuka barabara kwa uangalifu, fuata handaki na mabango ya gati. Utakuta usafiri wa aina mbili: feri kubwa ya Bormla, inayoondoka kwa ratiba, na zile daisa, mashua zenye ncha ndefu mbele na nyuma, zilizopakwa rangi kali, ambazo zamani zilipigwa makasia na leo zina mashine. Chukua daisa. Nauli ni euro chache. Fedha taslimu, chenji mkononi.

Nahodha wetu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu wakati wa joto. Alitupanga kwa uzito, shangazi katikati, kisha akatuhesabu kwa kidole bila kutuangalia: "*Wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa, sitta, sebgħa.*" Shangazi akadakia: "Saba!" Mzee akasimama, akamtazama. "*Sebgħa*," akarudia polepole. "Saba," shangazi akasema, "na kabla yake sita, na mbele yake tisa." Mzee akajaribu nane, akapata *tmienja*, shangazi akatikisa kichwa: hapo ndipo ndugu wanapoachana. Wakaendelea hivyo mpaka Birgu, na mtu wa nyuma yangu aliyekuwa na kamera kubwa hakuelewa walikuwa wanacheka nini.

Mkifika katikati ya maji, geuka. Huo sasa ndio uso wa Valletta. Kuta zinaanza majini na kupanda mpaka mahali ulipokuwa umesimama jana, na watu wa bustanini ni nukta tu. Fikiria unaukaribia ukiwa kwenye merikebu ya makasia, na juu yako kila tundu lina mzinga. Kwa picha, mwanga mzuri upande huu ni wa asubuhi. Jioni jua linakuwa nyuma ya mji na kuta hubaki kivuli.

Birgu peke yake inahitaji saa nne. Kuna ngome ya Sant'Angelo, ndiyo ile Caravaggio aliyotoroka. Kuna jumba la mahakimu wa dini, ambako walihukumiwa wazushi, wachawi na waliobadili dini, na kwenye kuta za seli bado kuna michoro ya wafungwa. Lakini zaidi ya vyote kuna vichochoro nyuma ya kanisa la Mtakatifu Lawrence, ambavyo vimepinda kama vya kwetu kwa kuwa Birgu ni kongwe kuliko Laparelli na rula yake. Paka ni wengi. Vyungu vya maua vimepangwa nje ya milango, na akina mama wazee wanakaa kwenye kiti barazani na kukuchunguza mpaka upotee kona. Salimia. *Bonġu* ni asubuhi, *saħħa* ni kwaheri.

Kutoka hapo zunguka kwa miguu kupitia Bormla mpaka ncha ya Isla, dakika arobaini bila haraka. Kuna kibanda cha mlinzi kinachoning'inia juu ya maji, kimechongwa jicho upande mmoja na sikio upande mwingine. Kaa hapo. Kama umebahatika kufika kabla ya saa 10, utaona moshi wa mzinga ukitoka Barrakka kwanza, na mlio ukufikie baadaye kidogo.

Hatua ya 9: Siku ikizidi

Mdina, nusu saa hivi kwa basi, iende jioni. Hypogeum ya Ħal Saflieni, Paola, ni makaburi ya kabla ya piramidi za Misri yaliyochongwa chini ya ardhi. Huingizwa watu 10 tu kwa saa, kwa hiyo nunua tiketi kwenye mtandao wiki nyingi kabla. Kufika mlangoni na kuomba ni kazi bure.

Hatua ya 10: Kuondoka

Basi la uwanja wa ndege linaanzia kwenye vituo vilivyo nje ya lango, kuzunguka chemchemi. Toa saa moja kwa njia, kwa sababu msongamano wa magari wa Malta hauna adabu. Kabla ya kupanda, nunua imqaret za kutosha na uzifunge kwenye karatasi, si plastiki, la sivyo zinalowa. Sisi tulinunua kumi. Shangazi alisema ni za watoto Mombasa, na tulipofika sehemu ya ukaguzi zilikuwa zimebaki tatu.